Vipele vya Mtoto wa Waya

Asubuhi hiyo Waya, fundi redio, hakufungua kibanda chake. Alinyoosha moja kwa moja hadi kwenye benchi la kona, akakaa ukingoni, akapokea kikombe cha kahawa bila kusalimia mtu. Wenye benchi lao walikuwapo: Rejeta, dereva wa malori aliyestaafu, na Belo, muuza mitumba. Walimtazama mara moja wakajua mwenzao ana lake. Nyumbani, bintiye wa mwaka na nusu alikuwa na homa siku ya tatu, na alfajiri waliamka wakamkuta ametapakaa vipele. Kilio chake kilimshinda baba mtu, akatoka.

— Vipele vyekundu, kifuani mpaka shingoni, Waya alisema. Mama yake anataka twende zahanati. Mimi hata sijui nishike lipi.

— Zahanati ya nini? Rejeta alidakia. Hilo ni joto la ndani linatafuta njia. Vipele vikitoka, na ugonjwa umetoka. Ila maji msimpe! Injini imechemka, ukiimwagia maji inapasuka.

— Ndiyo maana wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki, Belo aliunga mkono.

— Wahenga hawakusema hivyo kwa habari ya homa.

— Walisema kwa habari ya maji. Unataka nini tena?

Waya alitikisa kichwa.

— Naogopa isije ikawa surua.

— Surua wapi! Belo alisogea karibu. Ule mnara wa simu nyuma ya nyumba yenu. Mtoto mdogo, ngozi laini, ananasa mawimbi. Wewe fundi redio mzima hulijui hilo?

— Mawimbi hayatoi vipele, Belo.

— Umewahi kuyaona?

— Sijawahi.

— Haya! Au basi ni jicho la mtu. Si mmepata jirani mpya? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa kwenu mgeni kaja, mwenyeji kaugua. Hesabu hiyo haikai sawa.

— Tulia kwanza, Rejeta alimshika Waya bega. Haraka haraka haina baraka. Ngoja mpaka kesho.

Mama mmoja, redio kwapani na mtoto mgongoni, alikuwa amesimama pembeni akimsubiri fundi.

— Samahani, kaka zangu, alisema. Huyo mtoto, leo amekojoa?

Rejeta na Belo waligeuka kumtazama Waya.

— Sijui, dada yangu, Waya alisema. Kwa kweli sijui.

Aliweka kahawa chini, akaondoka mbio.

Alimkuta mkewe sakafuni, mtoto mapajani. Midomo ya mtoto ilikuwa imekauka, naye analia bila machozi.

— Amekojoa leo?

— Nepi ni ileile ya jana usiku. Ishike. Kavu.

— Mbona hukuniambia?

— Ulikuwepo?

Waya alimbeba mtoto, wakatoka.

Kule zahanati, muuguzi alibonyeza vipele kwa kidole, vikafifia, vikarudi. Akamtazama mtoto macho, kinywa na shingo, akauliza habari za chanjo. Daktari naye alimvua nepi, akampima.

— Si surua, daktari alisema. Ni homa ya virusi, ziko nyingi za namna hii kwa watoto wadogo. Vipele vitaondoka vyenyewe. Cha kuogopa ni huku kukaukiwa na maji. Mngengoja mpaka kesho, tungekuwa tunazungumza mengine.

Muuguzi akachanganya maji ya dawa ya chumvichumvi.

— Kijiko kimoja kimoja, msimkimbize. Nani atamnywesha?

— Mimi, Waya alisema.

Mtoto alitema, akameza, akatema tena. Waya hakuchoka. Jua lilikuwa limeshapanda sana alipohisi uvuguvugu ukimwenea mapajani, suruali ikalowa mpaka gotini. Hakusogea.

— Mke wangu, alisema. Amekojoa.

Mkewe aliegemeza kichwa ukutani, akafumba macho. Hakuwa amelala tangu homa ilipoanza.