Historia ya Kapteni Elkana Rozner, Fundi wa Gereji ya Ein Tsila

Ndugu wa kibutsi, kijiji chetu cha ujamaa, majirani, na ninyi askari mlioleta jeneza hili, mimi ni Gad, kaka wa Tirtza mke wa marehemu, na nimeagizwa na Mama Frida, mama mzazi, nisome haya kwa sababu yeye mwenyewe amesema sauti yake haitafika mwisho.

Elkana Rozner alizaliwa tarehe 14 Februari 1944, hapa hapa Ein Tsila, katika Bonde la Yezreeli, mtoto wa pekee wa Natan na Frida, waliokuja kutoka Romania wakiwa na sanduku moja, na alikuwa na miaka minne tu baba yake alipouawa vitani mwezi Mei 1948. Alilelewa katika nyumba ya watoto, kama watoto wote wa kibutsi, pamoja na wenzake kumi na mmoja, akasoma shule ya bonde hadi darasa la kumi na mbili, mwaka 1962, akiwa si hodari wa vitabu, lakini kila pampu iliyokufa ilisubiri atoke darasani.

Agosti mwaka huo aliitwa jeshini, na kwa kuwa mtoto wa pekee, tena yatima wa vita, hapelekwi mstari wa mbele bila sahihi ya mzazi, alimletea mama yake karatasi, naye akaiweka chini ya nguo kabatini kwa miezi mitatu. Elkana hakupiga kelele, alipokuja likizo aliacha tu kwenda chumbani kwa mama kunywa chai ya saa kumi, hata siku moja Mama Frida akamfuata gerejini na karatasi mkononi, akamwambia, "Haya, nimetia. Usinishukuru." Mwaka 1964 akawa afisa wa vifaru, mwaka uliofuata akarudi nyumbani, akasomea injini za dizeli mjini Haifa, na tangu hapo gereji ikawa yake, yeye na mzee Menashe. Baada ya vita vya 1967 mama alikwenda mara mbili ofisi ya jeshi kuiondoa sahihi ile, mara ya pili akafika mlangoni, akageuka, akitueleza kwamba aliona afadhali mwana anayeondoka na kumpenda kuliko anayebaki na kumchukia. Mpaka leo hajui kama alikosea.

Tarehe 20 Juni 1968 alimwoa dada yangu Tirtza, mlezi wa watoto wachanga, wakajaliwa Oded mwaka 1970, na Yael, aliyezaliwa tarehe 2 Februari mwaka huu, ambaye baba yake hakumwona.

Katika historia za namna hii sasa husomwa habari za ugonjwa. Elkana hakuugua. Jumamosi tarehe 6 Oktoba 1973, mchana, alikuwa amelala chini ya mashine ya kuvunia pamba, vita vikaanza, gari likaja kuwachukua askari wa akiba, akanawa mikono kwa dizeli, na mama yake akatoka chumba cha kushonea akamkuta barabarani.

"Siku mbili tatu tu, Mama," alisema.

"Baba yako alisema wiki moja," akajibu Mama Frida, wala hakumkumbatia, kwa kuwa aliogopa asingeweza kumwachia.

Siku ya Jumanne, tarehe 9, katika miinuko ya Golani, kifaru cha wenzake kilizimika kwenye mteremko chini ya makombora, watu wanne wakiwa ndani, Elkana akashuka katika chake, akafunga kebo ya chuma kwa mikono yake, wakavutwa wakatoka, naye alipokuwa akipanda kurudi kipande cha kombora kikamwua. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Mmoja wa wale wanne, Shimri, yupo nasi leo, na ndiye aliyekuja kwa Mama Frida mwezi Desemba, akaulizwa, "Hapakuwa na mwingine wa kushuka?"

"Walikuwapo, Mama. Ila yeye ndiye aliyejua pa kuifunga."

Miezi kumi alilala katika makaburi ya muda ya jeshi, mbali na kwao, na leo, tarehe 11 Agosti 1974, amerudishwa.

Tunawashukuru askari wa kikosi chake, tunamshukuru mzee Menashe aliyelichimba kaburi hili akakataa kupokewa koleo, tunawashukuru majirani kwa vyungu vya supu vilivyorudishwa vimejaa kama vilivyoletwa. Tunamshukuru pia daktari wetu, aliyetaka kumpa Mama Frida dawa ya usingizi, akaambiwa, "Usinipe. Nikilala nitasahau, halafu asubuhi nitaambiwa upya," naye akaufunga mkoba wake, akavuta kiti, akakaa kando yake mpaka jioni.

Familia inawaomba hivyo hivyo. Msimwambie kwamba yatapita, wala kwamba alikuwa shujaa. Vuteni kiti, kaeni.

Elkana, shemeji yangu, umefika kwenu. Lala.