Walidhani Roho Kanishukia

Basi la Birmingham lilijaa, na Odessa Tolliver, aliyekaa nyuma ya wanawake wawili wasiojuana, hakuwa na haja ya kutega sikio. Yule mwembamba alikuwa anawaka.

"Tangu wanikate tumbo nipungue unene, sukari kwangu ni sumu. Nikila kitu kitamu, baadaye moyo unanienda mbio, jasho linanitoka, naona giza. Jumapili, kabla ya ibada, mke wa mchungaji akanisukumia pai ya viazi vitamu. Wewe ungemkatalia?"

"Nithubutu wapi," akajibu jirani yake, mama bonge aliyejaza kiti na nusu.

"Basi katikati ya mahubiri nikaanguka. Wakadhani Roho kanishukia. Wakanifunika miguu kwa kitambaa nisikae wazi, wakanipepea, mpiga kinanda akaongeza kasi. Nakufa, dada, na watu wananipigia makofi."

Odessa, ambaye ni mhudumu kanisani kwao, akavikumbuka vitambaa alivyowahi kuwafunikia watu bila kuwauliza lolote. Akageukia dirishani.

"Nikampigia daktari aliyenikata tumbo. Ananiambia kosa langu, eti sifuati masharti. Nywele zinanyonyoka, vidole vya miguu vimekufa ganzi, yeye anasifia mizani tu. Na kila ninayekutana naye ananiambia nimependeza. Atakayerudia, nitamzaba kofi."

Basi likasimama. Mama bonge akajiinua kwa kushikilia viti viwili, akahema, akamtazama mwenzake kuanzia shingoni mpaka kiunoni.

"Huyo daktari," akauliza taratibu, "anaitwa nani?"