Kaburi la Mwenye Meno

Benchi la Ramadhan muuza kahawa, pale Nkende, Tarime, lina miguu mitatu na tofali. Asubuhi ile Simioni alikaa upande wa tofali, uso umemshuka. Juzi, kwenye msingi wa nyumba ya mama yake, jembe lilifika usawa wa kiuno likagonga bamba la jiwe, na ndani ya jiwe kuna taya lenye meno na mifupa mingine. Mafundi wakaweka majembe chini. Ukikuta mifupa, walisema, hujengi mpaka ijulikane ni ya nani. Mama mwenyewe analala jikoni kwa shemeji yake, pamoja na mbuzi, tangu ukuta wa nyumba yake ya zamani uanguke, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya tena.

– Kwani Mwalimu Felix, uliyemwonyesha, alisemaje? aliuliza Waitara, fundi pikipiki, ambaye kijiwe kizima kinamwita Injinia.

– Alifananisha na picha kwenye simu, alijibu Simioni. Akasema ni kama dinosaria, wale wa mwanzo kabisa, wa miaka milioni mia mbili iliyopita. Mla nyama, ukubwa wa ndama, anatembea kwa miguu miwili.

– Basi yameisha. Ni mnyama, jenga.

– Hayajaisha. Akasema tena hana uhakika, maana mawe ya huku ni ya zamani kuliko hao wanyama.

– Yaani jiwe lilikuwepo, halafu mnyama akaingia?

– Nilimuuliza hivyohivyo. Akasema hicho ndicho kinachomnyima usingizi.

Injinia aliweka kikombe chini.

– Wee mura, kijana wangu, hebu nitajie mnyama wa miguu miwili anayekula nyama.

– Kuku, alisema Ramadhan huku akimimina. Wangu juzi kala panya mzima.

– Kuku ana meno? Miguu miwili, meno, na anapenda nyama! Huyo ni mtu. Tena Mkurya kabisa.

Wakacheka mpaka benchi likayumba. Simioni peke yake hakucheka, kwa sababu neno mtu ndilo alilokuwa analiogopa.

Nyangwine, anayeuza mitumba Sirari mpakani na kujiita Boda, alitikisa kichwa.

– Hiyo story ya mtu wachana nayo. Huyo alikuwa anafuata nyumbu. Akatoka nao Serengeti, akapotea njia, akachoka hapa.

– Nyumbu gani wanafika Tarime? aliuliza Ramadhan.

– Saa hizo walikuwa wanafika. Hakukuwa na hifadhi wala askari, nani angewazuia?

– Na mbona yuko peke yake?

– Labda alifukuzwa na wenzake.

– Kwa kosa gani?

– Mla nyama anafukuzwa kwa kosa gani huku kwetu? Ng'ombe za watu!

Injinia alisimama kabisa.

– Sasa naona! Simioni, lile taya si limevunjika?

– Limevunjika kidogo, pembeni.

– Basi huyo alipigwa rungu na wenye ng'ombe. Hiyo ni kesi ya mauaji. Usiiguse, utaitwa shahidi.

– Kesi ya miaka milioni mia mbili? alisema Ramadhan.

– Zipo zilizokaa kuliko hiyo. Na lazima utafutwe ukoo wake. Sisi wengine ni watu wa tembo, wengine wa chui, wengine wa fisi. Ukoo wa Mwenye Meno uko wapi? Wenyewe ndio watoe ruhusa.

Simioni alishika kichwa. Alikuja na tatizo moja, sasa alikuwa na mnyama, babu wa watu, na marehemu mwenye kesi.

Hapo akatokea mama yake, Ghati. Kanga yake ilikuwa imejaa manyoya ya mbuzi.

– Shikamoo mama, walimsalimu wote kwa pamoja.

– Marahaba. Mafundi wako wapi, Simioni?

Akaelezwa yote, mpaka rungu. Alisikiliza bila kukaa.

– Kwa hiyo mnasema ni kaburi.

– Ndiyo, mama, alisema Injinia.

– Nani alimzika?

Boda alitazama barabara. Ramadhan aliinamisha birika, likatoa machicha matupu.

– Hakuna, mama, Simioni alijibu mwishowe. Alianguka tu.

– Basi mzikeni leo. Mumweke uani, kando ya kaburi la baba yako. Kaburi likiwa uani nani alishindwa kujenga? Mimi nimechoka na mbuzi.

Aibu ilimshika Simioni mpaka masikioni. Siku tatu wanahangaika na marehemu, na hakuna aliyemfikiria aliye hai. Akainuka. Wenzake nao wakainuka, Injinia akiuliza koleo liko wapi.

– Ngojeni kwanza, alisema Ghati. Mwanamume analazwa ubavu wa kulia, mwanamke wa kushoto. Huyu ni nani?

Walitazamana. Tone la kwanza la mvua lilianguka kwenye kikombe kitupu cha Simioni.

– Alikuwa amelalaje kwenye jiwe? Mama aliuliza tena, taratibu.

– Kushoto.

– Mlazeni hivyohivyo. Huko ndiko alikozoea.