Attracta Gilsenan na Nyumba Zilizoota Shambani kwa Malachy

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti, Bi. Attracta Gilsenan atavua koti la kijani la posta baada ya kulivaa kwa miaka thelathini na minne, yote katika njia moja: ile inayoanzia kanisani Kilnabarra, ikapita darajani na kuishia kwa Malachy Tormey, mahali ambapo lami huchoka na nyasi huota katikati ya barabara.

Alianza kwa baiskeli mwaka 1991. Nyumba zilikuwa tisini, na hakuna iliyokuwa na namba. Kulikuwa na akina Pat Reilly watano, na Attracta aliwatofautisha kwa mashamba yao, maana huku kwetu kila shamba lina jina: Shamba la Kisima, Kona ya Mjane, Shamba la Ndama. Mimi niliyepanga naye barua meza moja kwa miaka kumi na tisa nashuhudia kwamba hakupoteza hata moja. Ipo dosari kidogo katika ushahidi huu, nitaieleza.

Mwaka 2018 Malachy, ambaye hakuoa na hana wa kumrithi, aliuza mashamba yake, akabaki na nyumba na bustani. Kufumba na kufumbua zikaota nyumba mia tatu na arobaini zinazofanana kama pacha. Mtaa ukaitwa Malisho ya Mialoni, ingawa mwaloni wa mwisho ulikatwa kupitisha bomba la maji machafu. Wageni wakalalamikia harufu ya samadi, wenyeji wakalalamikia wageni. Tuseme kweli pia: shule iliyokuwa imebakiwa na watoto kumi na mmoja sasa haina viti vya kutosha, na timu yetu ya mpira haiazimi tena walinzi parokia ya jirani.

Attracta aliutembea mtaa ule kama mtu aliye ndotoni. Alituambia kwamba asubuhi za ukungu kuta zilimpotea machoni, akaona nyasi zimefika magotini na ng'ombe wa Malachy wamelala pale palipo na sebule za watu, wakicheua taratibu huku televisheni zikiwaka. Namba 14 kwake ilibaki Shamba la Kisima. Siku moja aliinua mguu kuruka mtaro uliokuwa umefukiwa miaka minne nyuma, barua zikamwagika. Hatukumcheka sana.

Malachy mwenyewe hakuvuka ukuta wa bustani yake kwenda huko. Aliona aibu, kana kwamba ameuza kitu kisichokuwa chake. Attracta akawa mtu pekee aliyeingia kwake, kila asubuhi, kwa kikombe kimoja cha chai. Tarehe ya kustaafu ilipokaribia, hilo ndilo lililomnyima raha: atakayeshika njia yake ana nyumba mia nne na thelathini, na dakika ya chai haipo. Nani atakuwa akimwona Malachy?

Aliyejileta ni Jincy Kurian wa namba 14, muuguzi kutoka Kerala. Krismasi ya mwaka juzi alimpelekea mzee keki, akagonga mlango wa mbele. Sasa, mlango wa mbele wa nyumba za huku haufunguliwi ovyo. Ule wa Malachy ulifunguliwa mara ya mwisho jeneza la mama yake lilipotoka. Attracta alimkuta Jincy kwenye mvua, na mzee yuko ndani, amechana nywele na kuvaa koti la kanisani.

"Nani kafa?" Malachy aliuliza akiwa nyuma ya mlango.

"Hajafa mtu, mzee. Nimekuletea keki."

"Ya matanga?"

Attracta akamshika Jincy mkono. "Zunguka nyuma, dada. Hapa tunatokea tukishakufa."

Siku ile walikunywa chai watatu. Lakini Jincy, kwa adabu, hakurudi bila sababu, na Malachy, kwa kiburi, hakumwalika. Ndipo ikaja ile dosari, na mkuu wetu wa posta naomba aisome aya hii akiwa amefumba macho. Kila Jumanne, barua za Malachy zilianza kupotelea namba 14. Hazikuwa za maana: tangazo la duka, jarida la parokia. Jincy alizivusha ukuta kila mara, akimwonea huruma mama wa posta aliyeanza kusahau. Attracta akakubali aonekane amezeeka. Kwa mtu anayejivunia kumbukumbu yake, hilo halikuwa jambo dogo.

Jumanne iliyopita Attracta alizipeleka mwenyewe kwa mzee, ili aage vizuri. Akakuta jiko tupu na birika la baridi. Aliita chumba hadi chumba. Alipotoka bustanini ndipo akasikia sauti ya Malachy ng'ambo ya ukuta, jikoni kwa Jincy.

"Mchuzi huu ulitaka kuniua, mama."

"Mbona sahani tupu, mzee?"

"Sitaki kuacha ushahidi."

Attracta hakuvuka. Aliziacha barua mezani, akarudi ofisini macho mekundu, akaketi. Nilimuuliza kama Ijumaa imeanza kumuumiza.

"Ijumaa ni ya hotuba tu," akasema. "Mimi nimestaafu leo."

Asante, Attracta. Tunakutakia asubuhi ndefu zisizo na haraka, na afya ya kuzifaidi.