Bibi Karatasi Hakuwa Mama wa Nyumbani

Ndugu waombolezaji, kabla sijasoma wasifu, naomba mfungue ratiba mliyopewa mlangoni, pale palipoandikwa kazi ya marehemu kuwa mama wa nyumbani mpafute kwa mstari, aliyeandika ni mjomba wangu na tumeshamalizana.

Marehemu bibi yangu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tano wa fundi baiskeli, akamaliza darasa la saba mwaka 1964, na spana aliishika kabla ya mwiko.

Tarehe 2 Agosti 1969 alifunga ndoa na babu, huyu aliyeketi mbele, wakafungua karakana ya pikipiki, babu akipokea wateja barazani, bibi akiwa nyuma anapanga valvu na kutegesha moto wa injini, yaani kupanga cheche iruke kwa wakati wake, na kwa miaka arobaini na moja shukrani zote zikaishia barazani. Jina la Bibi Karatasi lilitokana na karatasi ya sigara aliyoibana kwenye platini, vile vibao viwili vinavyoachana ili cheche iruke, akaizungusha injini polepole huku akiivuta karatasi, ilipolegea tu akajua cheche inatokea hapo, na sigara yenyewe hakuwahi kuvuta, mliomsema mnajijua.

Walijaliwa watoto wanne, wa tatu ndiye mama yangu.

Februari mwaka huu figo zilimlaza hospitali, akaniachia pikipiki yake kuukuu niitegeshe, nikajiona mjuzi, nikapiga kiki, ikarudi kwa nguvu ikanigonga ugokoni, nikaenda kwake nikichechemea, akacheka mpaka nesi akachungulia, kisha akasema, "Mjukuu wangu, pistoni hufika juu mara mbili, wewe umeipangia cheche inapotoa moshi, izungushe tena mzunguko mmoja, valvu zote ziwe zimefunga."

Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, saa nne asubuhi, usingizini, kabla sijarudia kazi hiyo, na hilo ndilo lililoniuma. Jana nimeirudia kwa karatasi yake, babu akapiga kiki moja, ikawaka, akatugeukia na kusema, "Miaka yote hiyo mliponisifu mimi, mlikuwa mnamsifu yeye," na mjomba akaomba kalamu aikate ratiba yake.

Tunawashukuru madaktari na manesi waliomvumilia na mikono yake ya grisi, majirani waliovumilia kelele, na mafundi wenzake mliofunga karakana leo.

Pumzika kwa amani, fundi, karatasi ninayo mimi.