Bikira Daima na Mbege ya Severa

Mwaka ule wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, benchi letu lilikuwa kona ya kuendea Gerezani, mbele ya kibanda changu cha kushona viatu. Mzee Mwinyimvua alituuzia kahawa bila kashata, maana sukari ilishakuwa hadithi. Jumamosi moja Melkiori, mwenye duka la masufuria, ambaye tulimwita Askofu kwa Ukatoliki wake, aliwakimbia wageni wake mwenyewe. Wazazi wa Filbert walikuwa wamepeleka mbege, pombe ya ndizi, nyumbani kwake Magomeni kumposa binti yake, Severa. Kwa Wachaga, baba asipoionja hakuna uchumba. Askofu hakuionja. Alikuja kunywa kahawa, na Filbert, Mlutheri wa Machame, akamfuata hapo hapo kijiweni.

— Sema mbele ya hawa, Askofu alifoka. Mama Maria alibaki bikira mpaka mwisho. Ukisema tu, narudi naonja.

— Baba, alimzaa Yesu akiwa bikira, hapo tuko pamoja. Baadaye alizaa wengine. Marko kawataja ndugu zake Yesu kwa majina.

— Watoto wa dada yake hao! Mimi kwangu wanakula saba, niliowazaa wawili. Kaulize mtaani, wote wanaitwa wa Melkiori! Tena pale msalabani, kwa nini mama akabidhiwe kwa Yohana, mtoto wa watu? Hao wanawe walikuwa wapi, foleni ya unga?

Kitwana, tuliyemwita Redio, akadakia.

— Foleni kweli! Yusufu aliandikisha watoto wa jirani kwa balozi wa nyumba kumi, apate mgao mkubwa. Marko akanakili daftari la balozi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake!

— Kunguni wanaingiaje hapa? nikamuuliza. Upuuzi siuvumilii.

— Wameshaingia, wewe shona.

— Astaghafiru, akasema Mzee Mwinyimvua. Kwetu Bibi Mariamu ana sura yake nzima ndani ya Kurani, na foleni haimo.

Redio akamgeukia Filbert.

— Sema tu, bwana, uoe. Ulimi hauna mfupa.

— Ndoa nikiianza na uongo, nitaimaliza na nini? Sisemi.

Nikampenda papo hapo.

— Basi na mimi sionji! Askofu akapiga benchi, vikombe vikaruka.

Ndipo akatokea Severa, vumbi la Magomeni mpaka magotini.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Baba, tangu asubuhi unamtetea mama wa Yesu. Mama yangu mimi, nani kati yenu amemuuliza anasemaje?

Severa akamsogelea baba yake.

— Mama ameionja, baba.

— Kabla yangu?

— Kata mbili. Anasema imeiva.

Askofu akanyoosha kikombe. Mzee Mwinyimvua akainamisha dele la kahawa, halikutoka tone.

— Imekwisha. Nenda kwako.

Askofu akasimama, akakung'uta suruali.

— Filbert, twende. Lakini mbele ya wageni jambo hili usilitaje.

— Nikiulizwa, baba, nitajibu.

— Na mimi nitakujibu!

Wakashika njia wakibishana. Severa alikuwa keshatangulia, hakugeuka nyuma.