Sista Geuza Anavua Sare

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne, muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume anastaafu. Wenzake wameniomba mimi, mama yake, nimwandikie. Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini aliyemzaa ni mimi, na simjui kwa kuhadithiwa.

Wagonjwa walimwita Sista Geuza. Kila baada ya saa mbili, asiyeweza kujigeuza hugeuzwa: kulia, chali, kushoto. Dereva mmoja aliyevunjika nyonga alilalamika kwamba hata lori lake halikuwahi kukata kona nyingi hivyo. Akarudi kwao na ngozi laini kama ya kitoto kichanga!

Ukali huo una chanzo, na chanzo ni mimi. Mwaka wake wa tatu kazini, baba yake alilazwa wodi hiyohiyo, amepooza. Binti alikuwa semina mji mwingine, nikakaa mimi na mgonjwa. Manesi wakija kumgeuza nawafukuza: mzee kapata usingizi, mwacheni alale, mimi ni mama wa nesi, najua. Siku tatu nzima! Binti aliporudi akafunua shuka, akakuta ngozi imekuwa nyeusi chini ya kiuno. Wiki iliyofuata pakafunguka kidonda cha kuingia ngumi.

Mzee alikuwa wa kutoka baada ya wiki mbili. Alikaa miezi minne. Ng'ombe wetu wawili wakaishia kwenye dawa na bandeji. Na yeye, mtu wa mizaha, akawa analia akiguswa. Binti hakunigombeza. Alinishika mikono, akanifundisha kumgeuza baba yake. Mzee alipona, akaishi miaka kumi na mmoja akinitania.

Tangu hapo, ndugu wa mgonjwa wodini mle hufundishwa kugeuza kabla hajaonyeshwa kiti. Mwaka jana hakikutokea kidonda cha kulalia hata kimoja. Hata kimoja! Mganga mkuu hakuamini. Akaja kufunua shuka mwenyewe, kitanda kwa kitanda.

Wenzake, asanteni kwa kunitunzia mwanangu. Jumapili nilipitiwa na usingizi kwenye kochi, nikashtuka nalazwa ubavu wa pili, mto katikati ya magoti. Kazi anastaafu, mikono haijaambiwa. Safari hii sikumfukuza mtu.

Tunamtakia maisha mema, na usingizi mrefu, kwa ubavu autakao mwenyewe.